Mwadui ni Timu ya Nani?

Jumapili ya tarehe 8 Mei 2016, Yanga walitwaa ubingwa wa Tanzania Bara bila hata kuvaa njumu. Kazi walifanyiwa na wengine. Siku hiyo kwenye Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, Simba walikuwa wenyeji wa Mwadui FC, timu ya mgodi wa almasi kutoka Wilaya ya Kishapu, mkoani Shinyanga. Mwadui walikuwa kwenye msimu wao wa kwanza wa Ligi Kuu baada ya miongo kadhaa ya kuhangaika madaraja ya chini. Jamal Mnyate akafunga bao, na bao likabaki hilohilo moja hadi mwisho. Simba wakapoteza tumaini la kuwafikia watani wao, na Jangwani wakaanza kupiga ngoma.

Kwenye historia ya Yanga, siku hiyo ni mstari mmoja. Kwenye historia ya Mwadui ni sura nzima, kwa sababu Mwadui haijawahi kuwa bingwa wa Ligi Kuu. Ukihesabu makombe utamaliza kabla chai haijapoa. Lakini ninasoma shahada ya uzamili ya historia, nilikulia Maganzo, kamji kaliko nje ya lango la mgodi kando ya barabara ya Shinyanga kwenda Mwanza, na kadiri ninavyosoma ndivyo ninavyoona kwamba timu hii ina swali ambalo klabu kubwa zenye makabati yaliyojaa haziulizwi. Timu inapolelewa na mgodi, uwanja wake ukiwa ndani ya eneo la mgodi, na wengi wanaoizunguka wakiishi nje ya uzio, inakuwa timu ya nani?

Tuanze na huo uzio.

Mwaka 1940, mjiolojia John Thorburn Williamson, mzaliwa wa Quebec nchini Kanada, aligundua almasi Mwadui, kwenye nchi ya Wasukuma waliokuwa wakilima na kuchunga ng'ombe. Alichokipata hakikuwa mshipa mwembamba wa madini. Lilikuwa bomba la mwamba wa kimberlaiti lenye eneo la takriban hekta 146, mojawapo ya makubwa zaidi duniani. Mwaka 1947 likatoka jiwe la waridi la karati 54.5, ambalo Williamson alimzawadia Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza alipoolewa. Baada ya kukatwa lilibaki na karati 23.6, na malkia alilivaa kifuani kwenye bruchi kwa miaka mingi. Watu wengi duniani waliowahi kuona kitu kilichotoka Kishapu wamekiona pale, kwenye picha za malkia.

Mgodi ukajenga mji wake: nyumba, hospitali, shule, kiwanja cha ndege, umeme wakati vijiji vya jirani vikiwasha vibatari. Na ukauzungushia uzio. Lazima tuelewe kwa nini uzio wa almasi si sawa na uzio wa shamba la mkonge. Gunia la mkonge huwezi kuondoka nalo mfukoni. Almasi ni ndogo, mtu anaweza kuificha chini ya ulimi. Kwa hiyo kwenye mgodi wa almasi kila anayetoka ni wa kukaguliwa, na kila anayeingia ana la kueleza. Mji ulikua ukiwa na watu wa aina mbili, wenye kitambulisho cha kupita langoni na wasio nacho.

Ndani ya mji kama huo, mpira ulikuwa na kazi yake. Wafanyakazi walitoka makabila na mikoa tofauti, walifanya kazi kwa zamu, na jioni ilikuwa ndefu. Wenye migodi kusini na mashariki mwa Afrika walijua mapema kwamba mtu aliyetoka uwanjani amechoka na ana timu ya kushangilia ni rahisi kumwamsha asubuhi kuliko aliyelala kilabuni. Tusiwadharau wachezaji kwa sababu hiyo. Nia ya mwajiri ilikuwa moja, na raha ya mchezaji ilikuwa nyingine kabisa.

Williamson alifariki mwaka 1958, na mgodi ukanunuliwa kwa ubia kati ya kampuni ya De Beers na serikali ya Tanganyika, nusu kwa nusu. Baada ya Uhuru, na zaidi baada ya Azimio la Arusha la 1967, mpira wa Tanzania ukawa na familia mbili. Familia ya kwanza ni klabu za wanachama, ambazo Simba na Yanga ndizo wakubwa wake, zilizozaliwa kwenye mitaa ya Kariakoo kwa michango ya watu wa kawaida. Ya pili ni timu za kazini: Pamba ya Mwanza, Reli ya Morogoro, RTC Kagera, Bandari ya Mtwara na nyinginezo. Mchezaji aliajiriwa kama karani, dereva au fundi, akapewa ruhusa ya kuondoka mapema kwenda mazoezini, na mwisho wa mwezi akachukua mshahara dirisha lilelile na wenzake. Miguu ikichoka, kazi ilibaki. Kwa mchezaji wa wakati huo, huo ndio ulikuwa mkataba wa maana.

Mwadui ilikuwa ya familia hiyo ya pili. Wazee wa Maganzo wanaikumbuka Mwadui ya miaka ya 1970 na 1980 kwa masikio zaidi ya macho, maana jina la mahali pao lilitajwa Redio Tanzania sambamba na majina ya Dar es Salaam. Babu yangu, ambaye hakuwahi kuajiriwa mgodini hata siku moja, alikuwa akisema "sisi" alipozungumzia timu hiyo. Huyo ni mtu ambaye langoni aliitwa "wewe".

Familia ya timu za kazini ilianza kusambaratika mashirika ya umma yalipoanza kufa na kuuzwa, mwishoni mwa miaka ya 1980 na miaka ya 1990. Mnunuzi wa kiwanda alinunua mashine, ardhi na jina. Beki wa kushoto hakuwa kwenye orodha. Timu chache zilisalimika, hasa za sukari: Mtibwa ilichukua ubingwa wa nchi mara mbili mfululizo, 1999 na 2000, na miwa ya Kagera nayo iliendelea kulisha timu. Mwadui ilizama madaraja ya chini, mgodi wenyewe nao ukipita kwenye miaka ya uzalishaji mdogo. Hisa za serikali zilipunguzwa hadi robo. Mwaka 2009 De Beers wakaondoka, na kampuni ya Petra Diamonds ikachukua robo tatu zao.

Kurudi kwa timu kulikuja ndani ya enzi hiyo ya Petra, na kulikuja kwa wivu. Msimu wa 2013/14 majirani wa mjini, Stand United, walitangulia kupanda Ligi Kuu. Stand ilikuwa kinyume cha Mwadui kwa kila kitu. Mwadui ilizaliwa ofisini, Stand ilizaliwa kituo cha mabasi cha Shinyanga, kwa wapiga debe, makondakta na wauza maji, ndiyo maana ikaitwa Chama la Wana. Kwa watu wa mgodini, wenye uwanja wao, mabasi yao na hospitali yao, kuona vijana wa stendi wakicheza na Yanga kabla yao haikuwa rahisi kumeza. Mwaka uliofuata Mwadui nao wakapanda, pamoja na Majimaji ya Songea, Toto Africans ya Mwanza na African Sports ya Tanga.

Kocha alikuwa Jamhuri Kihwelo, maarufu kama Julio, beki wa zamani wa Simba, mtu ambaye hakaukiwi maneno mbele ya waandishi wa habari. Kikosi alichoingia nacho msimu wa 2015/16 kilikuwa na majina ambayo nchi nzima iliyajua: Jerry Tegete na Athumani Iddi "Chuji", waliowika Jangwani, na Nizar Khalfan, aliyewahi kucheza Vancouver Whitecaps nchini Kanada. Mkanada aliyekuja Mwadui miaka ya nyuma alitafuta mawe. Sasa Mtanzania aliyerudi kutoka Kanada alikuja Mwadui kucheza mpira, na kwa muda mfupi watu wa Kishapu waliona kwa macho yao wachezaji waliozoea kuwaona kwenye kibanda umiza.

Msimu huo ndio kilele cha klabu. Mbali na ile Jumapili ya Mei, Mwadui ilifika nusu fainali ya Kombe la Shirikisho, ikacheza nyumbani dhidi ya Azam, klabu iliyokuwa na bajeti ya kuinunua Mwadui yote na chenji ikabaki. Azam hawakuweza kuimaliza ndani ya muda wa mchezo. Walipita kwa mikwaju ya penalti. Azam wakaenda fainali na kufungwa na Yanga. Mwadui wakarudi kwenye vumbi lao wakijua walikuwa umbali wa mikwaju michache tu kutoka fainali ya kitaifa.

Kisha yakatokea yanayotokea kila mara. Mshambuliaji Paul Nonga alikuwa ameshachukuliwa na Yanga katikati ya msimu huohuo. Mnyate, aliyewaumiza Simba, akasajiliwa na Simba. Siwalaumu, mimi mwenyewe ningekwenda mbio. Ila mtu wa Mwadui anaufahamu mtindo huu tangu zamani: jiwe hutoka ardhini likiwa ghafi, likaenda kukatwa na kung'arishwa mbali, na thamani kubwa ikahesabiwa huko.

Hapa inabidi nitoke kidogo nje ya Kishapu, kwa sababu Mwadui haikuwa peke yake. Miaka ile Kanda ya Ziwa ilijaa mpira. Msimu wa 2018/19, Ligi Kuu ilipokuwa na timu 20, kanda hii ilikuwa na timu sita: Kagera Sugar ya Bukoba, Biashara United ya Musoma, Mbao na Alliance za Mwanza, Stand United na Mwadui za Shinyanga. Timu sita kati ya ishirini, bila ya hata moja kuwa ya Dar es Salaam. Vijana wa rika langu tulidhani huo ndio utaratibu mpya wa dunia.

Ulikuwa msimu mbaya wa kuwa maskini. Ligi haikuwa na mdhamini mkuu, na timu ya Shinyanga ililazimika kusafiri hadi Mtwara kucheza na Ndanda, kuvuka nchi kutoka kona moja hadi nyingine, kwa pesa ya mfukoni. Stand ikashuka. Lakini Stand ilikuwa imeanza kuumwa kabla, na ugonjwa wake unatuhusu. Mwaka 2015 kampuni ya dhahabu ya Acacia, iliyokuwa na migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi, ilikubali kuidhamini. Kwa timu iliyozoea kupitisha kofia stendi, ilikuwa kama mvua ya masika kushuka mwezi wa nane. Likaja kocha Mfaransa, Patrick Liewig. Na ukaja ugomvi: kundi moja likitaka timu iendeshwe kama kampuni, jingine likisema timu ni ya wanachama walioianzisha. Mwaka 2016 Acacia wakajiondoa. Vijana wa stendi walikuwa na kitu ambacho Mwadui hawakuwa nacho, yaani wanachama. Walikosa kile ambacho Mwadui walikuwa nacho, yaani mlipaji wa uhakika. Pesa ya mgodi ilipokutana na timu ya watu, hakuna aliyekuwa ameandika mapema nani ana neno la mwisho.

Mwadui yenyewe mwaka huo ilinusurika kwa shida. Ililazimika kucheza mechi za mchujo mwezi Juni 2019, na mpinzani wake alikuwa Geita Gold. Almasi na dhahabu zikakutana kugombea nafasi moja ya kuishi. Almasi ikashinda. Geita wakarudi kusubiri.

Miezi minne baadaye, tarehe 30 Oktoba 2019, Simba walikuja Uwanja wa Kambarage, Shinyanga mjini. Walikuwa mabingwa watetezi na hawakuwa wamepoteza mchezo wowote wa ligi msimu huo. Nilikwenda na baba yangu mdogo, mwajiriwa wa mgodi. Alivaa jezi nyekundu. Nikamuuliza, "Baba mdogo, leo uko upande gani?" Akacheka, akanijibu, "Mwanangu, mshahara ni Mwadui, moyo ni Msimbazi." Hakuwa peke yake. Tulipotazama majukwaa, wekundu walikuwa wengi kuliko wenyeji. Watu waliokuja kwa baiskeli kutoka vijijini, walionunua tiketi kwa pesa ya pamba, walikuja kuishangilia timu ya Dar es Salaam ikiichapa timu ya wilaya yao.

Gerald Mathias Mdamu akafunga kipindi cha kwanza. Kelele zilizopigwa zilikuwa za watu wachache waliotawanyika, mmoja huku, watatu kule, kila mmoja akigundua kwamba aliye karibu naye hafurahi. Bao halikurudi. Simba wakapoteza mchezo wao wa kwanza wa msimu, kwa 1-0, kama ilivyokuwa 2016. Njiani kurudi baba mdogo alinyamaza hadi tulipokaribia nyumbani, kisha akasema kijana yule ana mguu. Hakusema zaidi.

Nimeifikiria sana siku ile. Kwa kawaida tunaeleza mapenzi ya Simba na Yanga mikoani kwa redio na magazeti, kwamba sauti za mpira zilitoka Dar es Salaam na mioyo ikazifuata. Ni kweli, lakini haitoshi kwa Kishapu. Simba ilimwomba baba mdogo kitu: aipende, aitetee kijiweni, anunue jezi. Mwadui haikumwomba chochote. Ilikuwa idara mojawapo ya mahali pake pa kazi, kama karakana au zahanati. Nani anashangilia karakana?

Kisha ukaja mwaka 2020. Ugonjwa wa korona uliporomosha soko la almasi duniani, kwa sababu pete ya uchumba ni kitu cha kwanza kuahirishwa watu wanapokaa ndani kwa hofu. Aprili mwaka huo Petra ilisimamisha uzalishaji Mwadui, na mitambo haikuanza tena hadi nusu ya pili ya 2021. Linganisha tarehe hizo na kalenda ya mpira. Msimu wa 2020/21 ulianza mgodi ukiwa umelala na ukamalizika ukiwa bado umelala. Oktoba 2020, ndani ya wiki moja, Mwadui ilifungwa 6-1 na JKT Tanzania nyumbani, kisha 5-0 na Simba. Ilikuwa mwaka mmoja na siku moja tangu bao la Mdamu. Mwisho wa msimu timu ilikuwa ya 18 kati ya 18. Mpira una sababu nyingi, na usajili mbovu unaweza kuiangusha hata timu tajiri. Lakini timu yenye mlipaji mmoja huvuta pumzi kupitia pua ya mlipaji huyo.

Mdamu wakati huo alikuwa ameshahamia Polisi Tanzania. Julai 2021 basi la timu hiyo lilipata ajali Moshi, naye akavunjika miguu. Ninaliandika hili kwa sababu tunapozungumza juu ya mafanikio ya klabu tunazungumza juu ya miguu ya watu, na miguu hiyo siku hizi haina tena ule ukarani wa zamani wa kurudia.

Mei 2021, msimu ukielekea ukingoni, jina la Mwadui lilitajwa sana London, wala si kwa sababu ya mpira. Shirika la kutetea haki za binadamu la RAID lilikuwa limekusanya ushuhuda wa watu waliodai kupigwa risasi, kupigwa na kufungiwa na walinzi waliokuwa wakilinda mgodi. Wengi wa waliokamatwa ni wale tunaowaita wabeshi, watu wanaoingia usiku na chekecheke kutafuta almasi kwenye mchanga. Petra ilifikia makubaliano ya pauni milioni 4.3 na walalamikaji 71, kiasi kilichojumuisha gharama za kisheria na miradi ya jamii. Kampuni haikukubali kuwajibika kisheria, lakini ilikiri kwamba huko nyuma kulitokea matukio yaliyosababisha vifo, majeraha na watu kutendewa vibaya ndani ya eneo la leseni.

Mtu anaweza kuniambia kwamba hilo ni jambo la sheria na mpira ni jambo jingine. Huko Maganzo si mambo mawili. Mvulana aliyetamani kucheza Mwadui na mvulana aliyeingia mchangani usiku ni rika moja, walisoma darasa moja, mara nyingine ni mtu yuleyule. Uzio ni mmoja. Mchana wa Jumamosi lango lilifunguliwa aingie kama shabiki, na usiku wa Jumamosi hiyohiyo mlinzi alimwona ni mwizi. Ukitaka kujua kwa nini timu ya Kishapu haikuwa na mashabiki wa Kishapu kama ilivyostahili, usianze na redio. Anza hapo langoni.

Mambo yaliyofuata kwenye kanda yetu yanajulikana. Mbao na Alliance walikuwa wameshashuka 2020. Baada ya Mwadui 2021 wakafuata Biashara 2022, na Kagera Sugar, waliodumu kuliko wote, wakashuka 2025. Zile timu sita zote zimepita. Geita Gold, ambao Mwadui waliwazuia mlangoni, walipanda 2021 ule ule ambao Mwadui walishuka. Wakamaliza msimu wao wa kwanza nafasi ya nne, George Mpole akawa mfungaji bora kwa mabao 17, na wakacheza Kombe la Shirikisho Afrika. Mwaka 2024 nao wakashuka. Timu yao ilikuwa ya halmashauri ya mji, mdhamini mkubwa akiwa mgodi. Pamba ya Mwanza ndiyo iliyorudi mwaka huo, ikiwa sasa Pamba Jiji, chini ya halmashauri ya jiji. Mlipaji amebadilika jina, kutoka shirika hadi kampuni hadi halmashauri, lakini mlipaji bado ni mmoja.

Mambo haya hayakuanzia kwetu. Zambia, timu za Ukanda wa Shaba kama Mufulira Wanderers na Nchanga Rangers zilikuwa fahari ya bara zima zilipolishwa na migodi ya serikali. Migodi ilipouzwa mwishoni mwa miaka ya 1990, baadhi ya majina makubwa yalianza kupotea ligi kuu. Ujerumani kuna mfano wa upande wa pili. Schalke 04 ya Gelsenkirchen ni timu ya wachimba makaa ya mawe, hadi leo mashabiki huiita kwa jina la wachimbaji. Msimu uleule wa 2020/21 Schalke nayo ilimaliza ya 18 kati ya timu 18 na kushuka daraja. Mgodi wa mwisho wa makaa ya mawe nchini humo ulikuwa umefungwa Desemba 2018. Kwa hesabu ya Mwadui, Schalke ilipaswa kufa mara mbili. Badala yake ilipanda tena mwaka uliofuata, na hata iliposhuka tena baadaye, klabu haikuyumba kama jina na kama watu. Ina wanachama zaidi ya 150,000, wajukuu wa wachimbaji, wanaolipa ada. Makaa yaliisha, daftari la wanachama likabaki.

Nchini kwetu kuna utaratibu unaotaka wanachama wa klabu wabaki na asilimia 51 mwekezaji anapoingia, na mjadala wa utaratibu huo umehusu Simba na Yanga tu. Ni utaratibu mzuri kwa wenye wanachama. Kwa Mwadui asilimia 51 ya sifuri ni sifuri.

Mwaka 2025 Petra nayo iliuza hisa zake za Mwadui. Mmiliki mpya atahesabu mitambo, mabwawa ya tope na akiba ya mawe iliyobaki chini ya zile hekta 146. Sijui kama mtu atamkumbusha kwamba kwenye mali hiyo kuna pia jina lililowahi kuamua bingwa wa nchi. Nadhani ni vibaya kumwachia yeye aamue. Jina hilo linaweza kuandikishwa na watu wenyewe: wauza chakula wa Maganzo, walimu wa Mhunze, wakulima wa pamba, wafanyakazi walio ndani ya lango na waliostaafishwa, na hata wabeshi. Ada ya shilingi elfu moja kwa mwezi haitamsajili Tegete mwingine. Itanunua mipira, itamlipa mwamuzi wa mechi za vijana, na itamfanya mtu kama baba mdogo aulizwe maoni yake kwa mara ya kwanza na timu ya wilaya yake. Mgodi ukitaka kuchangia, na uchangie, ukiwa mwanachama mmoja kwenye daftari lenye majina mengi.

Mwadui inaweza kukaa madaraja ya chini miaka mingi ikiwa hivyo na bado ikawa hai. Babu yangu alisema "sisi" maisha yake yote bila kuwa na kadi yoyote ya kuthibitisha. Kinachotakiwa ni kuwapa wajukuu zake hiyo kadi.